Kwa nini mtoto hachoki na hadithi za wanyama wanaopigania uhai, na namna ya kumtungia moja

Swali: "Binti yangu ana miaka tisa. Vitabu anavyochagua ni vya aina moja tu: mnyama mchanga amepotezana na wenzake, ana njaa, anawindwa, anahangaika hadi asalimike. Akifika pabaya analia, na wiki inayofuata anakianza kitabu kilekile upya. Baba yake anataka tumnyang'anye kwa kuwa anaona vinamtia majonzi. Mimi nimeanza kumtungia cha kwake: mtoto wa duma wa miezi mitatu, mama yake ameuawa na simba, anasafiri siku ishirini kumtafuta baba yake. Nilimsomea kurasa mbili akaniambia, 'Sio kweli.' Kinachomvutia ni nini hasa? Kuna ubaya? Na nimekosea wapi?"

Jibu:

Dada yangu, binti yako amekwisha kukujibia nusu ya swali. Mtoto wa miaka tisa anajua fika kwamba duma hazungumzi, na hilo halimsumbui hata kidogo. Kinachomfanya aseme "sio kweli" ni hatari isiyo na gharama. Katika sentensi moja mnyama ana njaa, katika inayofuata ameshiba, na msomaji hakuona alishibaje. Watoto wanaopenda hadithi hizi huzifuata kama mtu anayehesabu akiba yake: maji yamebaki kiasi gani, mguu umepona kiasi cha kukimbilia, giza linaingia lini, nani yuko karibu. Ukiivuruga hesabu hiyo, msikilizaji amekutoka.

Na hesabu hiyo ndiyo mvuto wenyewe. Shida nyingi za mtoto wa umri huo hazishikiki. Rafiki amemnunia na hajui kwa nini. Watu wazima wananong'ona, akiingia wananyamaza. Hajui jambo limeanzia wapi wala litakwisha lini, na uamuzi haumo mikononi mwake. Njaa ya mnyama inashikika. Inajulikana itatulizwa na nini, na inajulikana kitakachotokea isipotulizwa. Hadithi inamwingiza mtoto mahali ambapo kila jambo ni la kufa na kupona, lakini kila jambo linaeleweka.

Kisha kuna upweke ambao hauna wa kulaumiwa. Ili kumtoa mtoto wa binadamu nyumbani akahangaike peke yake, mtunzi hulazimika kuleta msiba au uzembe wa wazazi, na msomaji mdogo hubaki na kinyongo au hofu. Mnyama mchanga anaweza kuwa peke yake kwa sababu ndivyo maisha yake yalivyo. Yuko peke yake, ni mdogo, na bado ana mwili unaoweza: anakimbia, ananusa, anachimba, anajificha. Hakuna anayemwambia asubiri akue kwanza. Kwa mtoto anayeambiwa hivyo kutwa mara kumi, hiyo ni raha kubwa.

Tena kuna umbali. Hofu ya kuachwa, akiisoma kwa mtoto wa rika lake mwenye jina kama lake, humgusa karibu mno. Manyoya na mkia vinaisogeza mbali kidogo, kiasi cha kuweza kuitazama. Anaweza kulia kwa ajili ya duma bila mtu kumuuliza analilia nini.

Ndiyo maana anarudia. Mara ya kwanza alisoma akiwa hajui mwisho, mbio mbio, macho yakitafuta mnyama amepona au la. Mara ya pili anajua atapona, kwa hiyo anaweza kukaa pale pabaya kwa muda anaoutaka yeye. Mtazame vizuri anaporudia: mara nyingi watoto hawasomi kitabu kizima, wanakwenda moja kwa moja kwenye kurasa tatu nne zilezile. Angalia ni zipi. Anayerudia pale mama anapotoweka, anayerudia pale mnyama anapofukuzwa na kundi, na anayerudia pale anapopata chakula chake cha kwanza mwenyewe, hao ni watoto watatu wenye mambo matatu tofauti moyoni. Kurasa hizo zitakufaa utakapokaa kuandika.

Kuhusu hofu ya baba yake: kulia huku unaendelea kusoma si dalili mbaya. Cha kuangalia ni yanayobaki baada ya kitabu kufungwa. Akikosa usingizi siku kadhaa mfululizo, akikataa kubaki peke yake mahali alipozoea kubaki, akianza kukufuata kila chumba kuhakikisha upo, au kama kuna mtu au mnyama aliyempenda aliyefariki karibuni, hapo punguzeni mwendo. Someni pamoja, mchana badala ya kabla ya kulala, na mruhusuni afungue ukurasa wa mwisho kwanza. Kujua mwisho hakumharibii hadithi mtoto mwenye hofu. Kunampa ujasiri wa kuufikia. Hali hiyo ikidumu wiki mbili tatu, zungumzeni na daktari au mshauri wa watoto. Lakini kumnyang'anya kitabu akiwa katikati ndilo jambo baya kuliko yote, kwa sababu kunamwachia mnyama aliye hatarini ambaye hatapona kamwe.

Na mkisoma pamoja, msimuulize "umejifunza nini?" Muulizeni, "Ungekuwa wewe, ungetoka sasa au ungengoja kupambazuke?" Hilo ni swali la ndani ya hadithi, na majibu yake hushangaza.

Sasa rasimu yako. Duma wa miezi mitatu ndiyo kwanza anaelekea kuacha kunyonya. Hajui kuwinda. Bila mama, siku ishirini hazifiki: atakufa kwa njaa au atakamatwa na fisi au simba. Na baba wa kutafutwa hayupo, kwa sababu dume la duma halilei. Hukutana na jike, kisha huenda zake, na watoto hukua bila kumjua. Kwa hiyo umemtuma mtoto asiyeweza safari kwenda kwa mtu asiyemtambua. Binti aliyesoma vitabu vingi vya wanyama huenda ana habari hizo kichwani. Hata kama hana, anahisi kwamba mwili huo hauwezi kubeba hadithi hiyo.

Maisha ya duma mwenyewe yamekupa mwanzo mzuri zaidi. Watoto wakifikia kama miezi 18, mama huwaacha. Hafi wala hawafukuzi. Anakwenda zake, na punde atakuwa na watoto wengine. Ndugu wale hubaki pamoja miezi kadhaa, wakiwinda kwa kubahatisha, kisha majike huondoka mmoja mmoja. Madume waliozaliwa pamoja wanaweza kukaa pamoja maisha yao yote. Tazama ulichokipata hapo: kuachwa bila msiba, ndugu wasiojua kazi, na utengano wa pili ambao msomaji anauona unakuja tangu katikati ya kitabu. Mtoto wa miaka tisa, ambaye ameanza kuhisi kwamba utoto una mwisho, atashikwa na hili kuliko na simba aliyeua mama.

Anza basi na asubuhi ambayo mama hayupo. Usieleze. Waache wangoje, kwanza kwa mchezo, kisha kwa njaa.

Msuko wote unaweza kuujenga juu ya utafiti mmoja. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya kola za kupimia mwendo walizowavisha duma watano nchini Botswana. Walikusanya mikimbio 367, mingi yake ya kuwinda. Kasi kubwa kuliko zote ilikuwa kilomita 93 kwa saa, lakini wastani wa kasi ya juu katika mkimbio mmoja ulikuwa kama kilomita 54 tu, na wastani wa umbali ulikuwa mita 173. Walifanikiwa katika asilimia 26 ya mikimbio. Yaani duma mzima, mwenye uzoefu, hukosa mara tatu kwa kila mara moja anayopata, na mbio yenyewe ni fupi kuliko viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa. Mtunzi asiyejua haya humfanya duma wake akimbie kutwa nzima na kukamata chochote anachokitaka. Anayejua, mikononi mwake ana taharuki ya kitabu kizima.

Wape mawindo manne. La kwanza wanakosa kwa sababu wameanza mbio mbali mno. Pumzi inakwisha swala akiwa bado mbele. La pili wanakaribia vizuri, makumi machache ya mita, lakini dada anainuka mapema na swala wanamwona. La tatu wanapata. Na hapa ndipo penye sura bora ya kitabu chako, kwa sababu duma baada ya mbio hana nguvu hata ya kula: anahema, kifua kinapanda na kushuka, inabidi apumzike dakika kadhaa. Fisi anafika katika dakika hizo. Duma ana mwili mwembamba ulioumbwa kwa mbio, na jeraha dogo la mguu kwake ni njaa, kwa hiyo hapigani. Anaiacha nyama na kuondoka. Msomaji ameshinda na kupoteza katika ukurasa mmoja, na hakuna aliyefanya kosa. La nne wanapata na wanajua la kufanya: wanaburuta nyama kwenye kivuli cha kichaka, mmoja analinda, wanakula haraka. Kila kosa limelipwa na kila kosa limefundisha, na wewe hukusema neno lolote la kufundisha.

Angalia pia jinsi sentensi zinavyokaa karibu au mbali na mwili. Tumwite shujaa wako, duma dume katika ndugu wale, Tarishi. Watunzi wengi wapya huandika hivi:

"Tarishi alikuwa na njaa kali sana. Aliogopa, lakini alijipa moyo akasema, 'Sitakata tamaa!' Akatimua mbio kuliko upepo, akamkamata swala."

Hapo kuna hisia tatu na hakuna kitu cha kuona. Jaribu hivi:

"Swala aliinua kichwa. Tarishi akasimama, mguu mmoja ungali juu. Nyasi zilimfika kidevuni. Upepo ukapita, nyasi zikalala, akawa wazi. Zikainuka, akafichika tena. Swala akarudi kula. Tarishi akaushusha mguu taratibu, pasipo na majani makavu. Nyuma yake alimsikia dada yake akimeza mate."

Neno njaa halimo, neno hofu halimo, na mtoto ameacha kupumua. Mguu ulioinuliwa una kazi kubwa kuliko vivumishi vyote vya aya ya kwanza.

Fuata hisi ya mnyama uliyemchagua. Duma huwinda kwa macho, na kwa kawaida mchana, saa ambazo simba na fisi wengi wamelala. Kwa hiyo hadithi yako ifanyike kwenye mwanga, na usiku uwe wa masikio tu: milio ya mbali, kitu kinachokanyaga, kimya kinachoingia ghafla. Ungemchagua mbwa, ungeandika kwa pua. Tembo, kwa pua na kwa mitetemo anayoihisi ardhini. Popo, kwa mwangwi. Sauti nayo ichunguze. Duma hangurumi kama simba. Anamwita ndugu yake au mama yake kwa mlio mfupi, mwembamba, unaofanana kabisa na wa ndege. Uweke mlio huo mapema, katika asubuhi ya kungoja, na binti yako atauiga siku hiyohiyo. Dada atakapopotea kwenye sura ya saba na Tarishi akasikia mlio kama wa ndege, hutahitaji kueleza moyo wake ulikuwaje.

Kusema au kutosema kwa wanyama ni uamuzi wa kufanya kabla ya ukurasa wa kwanza, na ukishaufanya usiuvunje. Ngano za sungura na fisi zina sheria yake: wanyama husema kama watu, silaha ni ujanja, na mwili hauhesabiki sana, ndiyo maana sungura hutoka kisimani akitaniana. Hadithi ya kunusurika haiwezi kuazima sheria hiyo nusunusu. Kwa umri wa binti yako ningechagua wanyama wa jamii moja wasemezane wao kwa wao, maneno machache, kuhusu mambo ya maisha yao tu. Kisha pitia muswada ukitafuta kila neno la kitu ambacho duma hakijui, kama saa, kilomita, wiki au mpaka wa hifadhi, na uliondoe kwenye vinywa vyao na hata kwenye usimulizi unaofuata mawazo yao.

Fikra za mnyama unaweza kuzibuni. Uwezo wa mwili wake usiubuni. Mzozo juu ya mpaka huo ni wa zamani. Mwaka 1903 mwandishi wa mambo ya asili wa Marekani, John Burroughs, aliwashambulia hadharani watunzi wa hadithi za wanyama waliouza vitu vya kubuni kama ukweli, na mmoja wa watunzi wa wakati huo, William J. Long, alidai kwamba ndege anaweza kuufunga kwa udongo mguu wake uliovunjika ili uunge. Ugomvi ulirindima miaka kadhaa, hata Rais Theodore Roosevelt akauingilia kwa maandishi mwaka 1907. Ndege yule anakumbukwa kwa aibu. Msomaji akishakugundua mara moja, ataitilia shaka hata njaa uliyoielezea kwa ukweli.

Una tatizo moja ambalo mwenye shujaa mla majani hana: shujaa wako lazima aue. Usilikwepe kwa kukatiza tukio na kuanza sura mpya wakiwa wameshiba. Huko ndiko kuliko na "sio kweli" nyingine. Ila usimpe swala jina wala maneno katika kitabu ambacho analiwa. Mpe ustadi: anavyokata kona ghafla, anavyomwacha duma akiteleza. Fisi naye usimfanye mwovu. Ana watoto pangoni, ana njaa, amesikia mbio. Adui asiye na ubaya hutisha zaidi, kwa sababu hawezi kubembelezwa wala kuaibishwa.

Kifo kinaruhusiwa kwa miaka tisa, lakini kiwe kimoja, kimpate mhusika wa pembeni tuliyemzoea, na kitokee baada ya nusu ya kitabu. Andika "amekufa", usiandike "amelala". Mtoto akisoma "amelala" atangoja aamke. Kisha mpe msomaji sura nzima tulivu. Huzuni ya mnyama ionekane kwa mwili: anarudi mahali pale, ananusa, anaita, anakaa, mwishowe njaa inamwondoa. Kwa mtoto wa chini ya miaka sita usingethubutu hata hivyo. Kwake kupotea na kupatikana kuwe katika usomaji mmoja, bila kifo.

Kwa urefu, sura kumi za maneno 700 hadi 900 zinatosha. Sura moja ikisomwa kwa sauti, bila haraka, huchukua kama dakika kumi. Kama unamsomea usiku, kata sura mahali pa uamuzi, mnyama akiwa bado mzima na njia mbili mbele yake. Ukikata akiwa anaanguka, mtalala saa sita za usiku.

Kabla ya kuandika, tenga ukurasa mmoja wa daftari kwa mwili wa Tarishi. Kwa kila siku ya hadithi andika: amekula lini mara ya mwisho na kiasi gani, amekunywa lini, ana jeraha gani na wapi, upepo unatoka upande upi, nani mwingine yuko eneo hilo. Duma hupata maji mengi kwenye nyama anayokula na anaweza kukaa siku kadhaa bila kunywa, kwa hiyo kwake njaa na kiu ni shida moja. Hilo peke yake litabadilisha mpangilio wa sura zako. Jeraha ndilo linalosahaulika zaidi. Mwiba ulioingia kwenye wayo sura ya tatu lazima uonekane sura ya nne na ya tano, anavyokanyaga, anavyolala, anavyokosa kona. Ukiona unataka apone haraka kwa sababu msuko unamhitaji akimbie, mpe jeraha dogo zaidi tangu mwanzo.

Bahati njema itumie mara moja, na mapema. Baada ya nusu ya kitabu bahati iwe mbaya tu, kwa sababu msomaji huamini bahati mbaya wakati wowote, lakini mvua inayonyesha kwenye ukurasa wa mwisho kabisa kumwokoa shujaa hatakusamehe. Mlinzi wa hifadhi mwenye gari asije kabisa. Akija yeye, mtu mzima ametatua, na upweke ule wenye raha niliokueleza umefutika.

Mwisho usimrudishe mama. Hata wakikutana, atakuwa na watoto wengine, na atawaangalia kama majirani. Unachokihitaji ni jambo dogo ambalo Tarishi hakuliweza kwenye sura ya kwanza na sasa analifanya bila kufikiri: anaacha mbio mapema akijua swala yule si wake, anatunza pumzi kwa ajili ya mwingine.

Rasimu ikikamilika, msomee kwa sauti, kalamu mkononi. Weka alama moja kila anapouliza swali, nyingine kila macho yanapohama. Akisema tena "sio kweli", muulize ni wapi hasa, na usijitetee. Akikuonyesha jambo la mwili, kwamba asingeweza kuruka hapo au asingekuwa bado macho, rekebisha usiku huohuo. Akisema tu "asingefanya hivyo", rudi sura mbili nyuma. Kuna njaa au hofu ambayo uliitaja bila kuionyesha, na kurekebisha hapo anapolalamika hakutasaidia.